Karata Zisizo na Wafalme

Karata ikiungua hainuki kama karatasi. Mwanzo inanuka kama mshumaa uliozimwa kwa vidole, kisha kama nywele, na ule mng'aro wake wa juu ukianza kujikunja hutoa harufu chungu inayokaa kooni kama dawa ya minyoo. Jumapili iliyopita, hapa kwangu Magunga, rafiki yangu Akinyi alikuwa akichanganya karata karibu mno na jiko nililokuwa nachomea samaki. Moja ikamponyoka, ikaangukia kwenye makaa. Alipiga ukelele, akaiopoa kwa kijiti, akaipuliza huku akicheka. Mimi nilisimama na koleo mkononi mpaka samaki akawa mkaa upande mmoja.

"Ni kadi tu, mama," alisema Akinyi. "Nitakununulia pakiti nyingine. Usiniangalie hivyo."

"Samaki naye utamnunua?" aliuliza Boke, yule mwenzetu wa tatu, mwalimu aliyeolewa huku kutoka upande wa Wakuria. Boke hufikiria tumbo lake kwanza.

Tunakutana Jumapili alasiri, sisi wanawake wa rika moja, na tuna sheria moja tu: mwenye nyumba ndiye anayechagua mchezo. Kwa kuwa nyumba yangu ndiyo yenye vigae, tangi la maji na viti vinavyotosha watu, mara nyingi mwenye nyumba ni mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu bure. Nilikwenda nchi za Ghuba na begi moja na diploma yangu ya upishi na usimamizi wa hoteli, nikasimamia jiko ambalo wanaume walikuwa wanaliogopa, nikarudi nikajenga. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma iko ukutani sebuleni, juu ya televisheni, na mgeni asiyeiona namwonyesha.

Siku ile walitaka kadi, mchezo ambao sote tuliozaliwa zama zile tunaujua: unafuata alama au namba, asiye nayo anaokota, mbili na tatu zinamlisha mwenzako, yaani anaokota idadi hiyo, na ukibaki na moja lazima useme "niko kadi" kabla hujaiweka chini. Nilikubali. Kisha nikafanya ninachofanya siku zote. Nikaichukua pakiti, nikawatoa wafalme, malkia na wale vijana wao, nikawafungia kwenye droo ya kabati.

"Haya, ameanza," alisema Boke. "Sasa kadi gani hii haina kingi? Dubai waliwafundisha hivyo mkiosha vyombo?"

"Mimi sikuosha vyombo, mwalimu. Mimi nilikuwa na watu wa kuniosheia vyombo."

"Basi tucheze punda."

"Punda ina picha pia. Kwangu picha hazikai mezani. Ukitaka kingi, kamtafute nyumbani kwako, kama yupo."

Akinyi alicheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu mume wa Boke anajulikana kwa kutokuwepo. Tukacheza kwa namba tupu, nikawashinda wote wawili, nikawapa chai. Hawakuniuliza zaidi na mimi sikuwaambia. Lakini ile harufu ilikaa kwenye mapazia hadi kesho yake, nami nimekuwa nikitembea nayo humu ndani kama mgeni asiyejua kuaga.

Nililelewa Kisegi na bibi yangu mzaa baba. Kwetu tunamwita Dani. Mama alikuwa ameolewa upya ng'ambo ya mpaka, na jina lake halikutajwa nyumbani ila mtu akitaka kunikaripia. Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba dagaa, akitoka na mizigo ufuoni Karungu kwenda kokote wanakokula dagaa. Alikuwa na ndevu nyingi, jambo lisilo la kawaida kwa madereva wa siku zile, na ndevu hizo zilinuka samaki mkavu na dizeli. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo harufu ya wanaume wote wazuri.

Yeye ndiye aliyeleta karata. Alikuja nazo kutoka mpakani, kwenye kisanduku chekundu, akatandika gunia chini ya ukuta wa jikoni, akanifundisha kuhesabu. Tisa ya majembe. Nne ya mioyo. Saba ya maua. Watoto wenzangu walihesabu kwa vijiti darasani huku mimi tayari najua kwamba saba na tatu ni kumi kwa sababu nilikuwa nimeziona zikilala pamoja kwenye gunia. Zile zenye picha alizitenga. "Hawa ni wakubwa," alisema. "Hawa wana sheria zao. Nitakufundisha ukizijua hizi ndogo bila kufikiri." Akazitia kwenye kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya dirisha.

Nilizichungulia mara kwa mara. Wafalme walinitisha na kunivutia. Kila mmoja alikuwa na kichwa juu na kichwa kingine chini, hana tumbo wala miguu, na ukimgeuza bado anakutazama. Niliamini kwamba yule wa chini ndiye yule wa juu akiwa amekufa.

Dani alikuwa mtu wa kanisa, wa wale wanaopika chakula cha Jumamosi siku ya Ijumaa ili Jumamosi moto usiguswe. Alizijua karata za namba na hazikumsumbua. Kopo hakulijua. Ijumaa moja, baba akiwa ameondoka na lori asubuhi hiyo, Dani alitafuta majani ya chai juu ya dirisha, akafungua, akawakuta wale watu wamelala mle ndani.

Hakupiga kelele. Aliwatandaza kwenye jiwe la kusagia, akawaangalia mmoja mmoja kwa muda mrefu kama anayechambua mbegu.

"Zile za namba ni hesabu," aliniambia. "Hesabu haina dhambi. Lakini hawa ni sanamu. Amri ya pili iko wazi. Na mtu gani ana vichwa viwili na hana pa kukalia?"

Akawatia motoni chini ya sufuria ya maharagwe, mmoja baada ya mwingine. Vijana wa kifalme waliungua haraka. Malkia walijikunja kama majani. Wafalme walichelewa. Mmoja mwenye ndevu nyingi alivimba mashavu kwanza, malengelenge yakamtoka usoni, kisha moto ukamla kuanzia kidevuni. Ile harufu ikaingia kwenye maharagwe, na kesho yake tuliyala yananuka mfalme.

Jumanne ikaja habari. Lori lilikuwa limepinduka mteremkoni, dagaa wamemwagika barabarani, watu wameokota dagaa kwanza kabla ya kumtoa dereva. Hilo la mwisho nililisikia kwa mwanamke aliyekuja kuomboleza, naye alilisema akitafuna.

Matanga yaliwaleta watu ambao sikuwajua. Kati yao alikuwa shangazi yangu, dada pekee wa baba, ambaye kwetu tunamwita Waya. Alikuwa na duka la vitambaa Migori mjini, viatu vya visigino vilivyokuwa vikizama kwenye udongo wa boma letu, na binti aitwaye Lilian, aliyenizidi umri kidogo na kila kitu kingine kwa sana. Lilian alikuwa na soksi nyeupe zenye maua pembeni. Alizungumza Kiswahili hata na kuku. Sisi wengine tulipomjibu kwa Kijaluo alikunja pua kama aliyesimama karibu na choo.

Siku ya mazishi, Waya alipewa nafasi ya kuongea. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekaa mbele, na mmoja alipaza sauti, "Na huyu mtoto wa kaka yako? Ataozea hapa na mbuzi?" Watu wakageuka kunitazama. Waya aliupangusa uso, akasema mbele ya jeneza kwamba damu ya kaka yake ni damu yake, kwamba atanichukua Migori nikaishi naye, nikasome shule ya mjini pamoja na Lilian. Watu walipiga makofi. Mchungaji akasema amina. Mimi nilimwangalia Dani, naye akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mtoto mwenye baba hawezi kujua ahadi hiyo ilikuwa nini kwangu. Shule ya Kisegi nilikuwa naenda siku ambazo hakuna jembe la kushika. Nilikuwa wa kwanza katika hesabu darasani na wa mwisho kwa kuhudhuria. Migori kulikuwa na taa, kulikuwa na kitabu cha mtu mmoja badala ya kitabu cha watu wanne. Usiku ule nililala nikijirudia jina la mji huo kama anayenyonya peremende.

Kesho yake Lilian alinikuta nyuma ya jikoni na karata zangu.

"Leta tuone," alisema. Akazipekua. "Wapi kingi? Wapi kwini? Hii pakiti imekatwa miguu."

"Dani alizichoma."

"Alizichoma kwa nini?"

Nikamweleza habari za amri ya pili. Alicheka, kisha nikaona kitu kikipita machoni mwake. Leo nakijua kitu kile. Nimekiona kwa wapishi wakubwa wanapogundua kijana mpya hajui tofauti ya visu. Wakati ule nilidhani ananihurumia.

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Na anko alikufa siku gani?"

"Jumanne."

"Na alikuwa na ndevu?"

Alijua alikuwa na ndevu. Alikuwa mjomba wake.

"Si unaona?" alisema Lilian kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayekupa jibu kabla ya mtihani. "Kule mjini kila mtu anajua. Kingi hachezewi ovyo. Kingi akichomwa anachukua mtu. Hata ukimtupa vibaya anachukua mtu, mwenye nyumba ile ile. Wewe hukuambiwa kwa sababu wewe ni mshamba."

Nilimwamini papo hapo, yote. Nilikuwa nimekiona kidevu kikiungua. Nilikuwa nimekula yale maharagwe. Mtoto hahitaji ushahidi zaidi ya huo. Nilikwenda nyuma ya zizi nikatapika, na Lilian akaja kunitazama nikitapika, mikono kiunoni.

Ilipofika siku ya wao kuondoka, Dani alikuwa ameshafunga gauni langu moja na sweta kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa pia amemfunga kuku wa mayai miguu, zawadi ya kumpa Waya kwa kunichukua. Gari la kukodi lilikuwa limesimama nje ya ua na dereva amelala ndani, mlango wazi. Ilikuwa bado mapema alasiri. Waya alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, viatu amevivua, akijipepea kwa kitambaa. Sasa hapakuwa na mama wa kanisa wala mchungaji.

"Tatizo ni kitanda," alimwambia Dani. "Nyumba yangu ni vyumba viwili. Huyu atalala na Lilian. Sasa Lilian akikataa nitafanya nini, Mama? Nimpige mtoto wangu?"

"Lilian hajakataa," alisema Dani.

"Lilian, umekataa?"

Lilian alikuwa ameegemea mlango akinyonya kidole kilichokuwa na sukari. "Anakojoa kitandani?"

"Sikojoi," nilisema.

"Anajua kusoma?"

"Anajua hesabu kukushinda," alisema Dani.

Hilo lilikuwa kosa. Lilian aliacha kunyonya kidole. "Basi tucheze kadi," alisema. "Akinishinda, aje. Akishindwa, abaki na hesabu zake. Na tunatumia kadi zangu, zile kamili."

Nilitegemea Waya aseme huo ni upuuzi. Hakusema. Nakumbuka vizuri alivyoinua uso, jinsi ulivyolegea, kama mtu aliyekuwa akitafuta njia kwenye majani marefu ghafla akaiona. "Haya," alisema akicheka. "Watoto waamue wenyewe. Mimi sitaki lawama."

Nimekuwa nikifikiri juu ya kicheko hicho kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumfikiria mwanamume yeyote. Makofi ya mazishini yalikuwa yamemfunga, na mtoto wake mwenyewe akamtupia kisu cha kukata kamba.

Dani hakujua kadi ni nini zaidi ya namba, lakini alimjua mwanawe alivyonifundisha. "Cheza, nyakwara, mjukuu wangu," aliniambia, akaenda jikoni kuwasha moto wa chai ya wasafiri.

Gunia likatandikwa. Lilian akachanganya karata kwa namna ya mjini, zikilia kama mbawa za kuku. Aliwaonyesha wafalme kwa makusudi, akiwapitisha mbele ya macho yangu. "Hawa wamo," alisema. "Na leo kingi inaweza hata kumaliza. Ni kadi kama zingine. Mama, umesikia? Asije akasema sikumwambia sheria."

"Nimesikia," alisema Waya.

Na sasa nitasema jambo ambalo ni kweli na sioni sababu ya kulificha: nilicheza vizuri ajabu. Lilian alikuwa na soksi, lakini kichwa chake kilikuwa kama kapu. Hakukumbuka kilichokwisha kupita. Mimi nilikumbuka kila karata iliyolala, kwa sababu baba alinizoesha kuziona zikilala. Alinilisha mbili, nikamlisha tatu. Aliokota, akaokota tena, mkono wake ukajaa hadi hakuweza kuzishika, akaanza kuzifinya kifuani. Dereva aliamka akaja kutazama. "Huyu mdogo anakupeleka mbio," alimwambia Lilian, na Lilian akamwambia anyamaze.

Katikati ya mchezo niliokota mfalme. Alikuwa mfalme wa mioyo. Sikuweza kumweka pamoja na zingine. Nilimlaza kwenye goti, uso chini, juu ya gauni, nikamshikilia kwa ncha ya kidole ili asipeperuke. Nilidhani sitamhitaji. Nilidhani nitamaliza zingine, kisha Mungu ataniokotesha kitu kingine.

Nikaweka tano ya mioyo juu ya tano ya maua. Mkononi hapakuwa na kitu. Gotini kulikuwa na mmoja.

"Niko kadi," nilisema.

Lilian alikuwa na karata nyingi lakini tano hakuwa nayo na mioyo alikuwa na moja tu, akaiweka kwa hasira. Ilikuwa sita. Zamu ikarudi kwangu. Moyo juu, moyo gotini. Nilichohitaji kufanya ni kugeuza kiganja.

Lilian aliangalia goti langu. Aliniona nilivyomshikilia yule mfalme kwa kidole kimoja, kama unavyomshika kiwavi. Akaelewa. Alipozungumza hakuinua sauti, wala hakuwa na hasira tena. Alikuwa mpole kuliko siku zote alizokuwa kwetu.

"Weka tu," alisema. "Yule wa kwanza alimchukua anko. Huyu sijui atamchukua nani. Hapa mwenye nyumba amebaki nani?"

Jikoni, Dani alikohoa kwa moshi.

"Lilian," alisema Waya. Alilitamka jina tu, bila kuendelea, na alikuwa anatabasamu.

"Mama, si ninamwambia tu? Ni kadi yake. Aweke."

Alikuwa ni Dani wake pia. Hilo ndilo lililonishangaza hata katika ule utoto wangu: kwamba yule mama aliyekuwa akikohoa mle ndani alikuwa bibi yetu sote wawili, na Lilian anamtaja kama mtu anayetaja kuku atakayechinjwa. Nilifikiri basi yeye anajua jambo hili halitamuumiza, kwa sababu watu wa mjini hawaumizwi. Nilimfikiria Dani akivimba mashavu. Nilifikiria moto ukianzia kidevuni.

Nilinyoosha mkono, nikaokota karata nyingine kutoka kwenye lundo.

"Huna?" alisema Lilian.

"Sina."

Dereva alipiga mluzi wa mshangao. Kutoka alipokuwa amesimama, nafikiri alikuwa ameiona kona nyekundu nilipomlaza mfalme gotini. Kutoka hapo nilikuwa nacheza kama aliyefungwa mkono. Kila mioyo ilipokuja juu nilikuwa na mfalme na nikaokota. Mkono wangu ukajaa, wa Lilian ukapungua. Alimaliza kwa nane ya majembe, akaruka juu, soksi nyeupe zikatimua vumbi. "Kadi! Kadi! Abaki!"

"Basi," alisema Waya, akitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Mungu ameamua."

Hakunitazama. Alimuaga Dani mlangoni pa jikoni, akamwambia kuna mwaka mwingine, nafasi haziishi. Chai hakuinywa. Kuku alimchukua. Nakumbuka kichwa cha kuku kikining'inia nje ya dirisha la gari, kikigeuka huku na huku, na mkono wa Lilian ukikirudisha ndani.

Lilian yupo Migori hadi leo. Shule ya mjini alipewa yote na akaimaliza vibaya. Anauza mitumba kwenye kibanda cha mtu, na duka la vitambaa lilikufa pamoja na mama yake. Mimi niliyebaki na mbuzi nilisoma kwa kurudia madarasa, nikisaga unga wa watu, nikipika kwenye hoteli za matope ufuoni Karungu mpaka nikaingia chuo. Alipojua nimerudi na kujenga alianza kunitumia picha za maua kila asubuhi zenye maneno ya baraka. Mwezi uliopita alisikia tunacheza kadi Jumapili, akaandika, "Dada nije tukumbuke za utotoni?" Nilimjibu kwamba viti vimejaa. Viti havikujaa. Nilimtumia na picha ya sebule ili ajionee mwenyewe.

Dani naye aliishi. Aliishi sana. Aliishi mpaka nikamletea diploma, akaipapasa kwa vidole akauliza kama ina picha ya mtu ndani yake. Nilimjengea nyumba ya mabati mapya, nikampelekea blanketi za Ghuba ambazo alizihifadhi bila kuzitumia, na alipofariki alikuwa mzee kiasi kwamba watoto walimcheka. Niliwahi kufikiri kwamba kila mwaka aliouishi ulikuwa wangu, kwamba nilimnunulia. Ningependa kuishia hapo. Lakini kuna alasiri ile yenyewe, gari lilipokwisha kupanda kilima na vumbi kutua.

Dani alitoka na ungo wa njugu, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki alichokiacha Waya, akaanza kumenya. Mimi nilikuwa bado kwenye gunia. Lilian alikuwa amezichukua karata zake zote, na yule wa mioyo pia. Alimvuta kutoka gotini kwangu.

"Baba yako alisema hakuna wa kukushinda," alisema Dani. "Umeshindwaje na yule?"

Nikamweleza. Nilianza na kopo la majani ya chai na kuishia na goti. Nilimweleza kwa fahari, nataka mjue hivyo, kama mtoto aliyeleta maji kutoka mbali bila kumwaga tone. Nilingoja anikumbatie. Vidole vyake havikuacha kumenya.

"Kwa hiyo kadi ulikuwa nayo."

"Ndiyo, Dani."

"Na ungeiweka, sasa hivi ungekuwa ndani ya gari."

"Ndiyo. Lakini wewe ungekufa."

Alitazama ng'ambo ya ua, pale penye kaburi la baba, udongo wake mwekundu bado haujashuka. Mbuzi walikuwa wamekwisha kula maua yote ya shada la kaburini, wamebakisha nyaya tupu.

"Nimezika wanangu wote wa kiume," alisema. "Huyu alikuwa wa mwisho. Ungeiweka."

Nilidhani hakunielewa. Nilidhani ni uzee. "Dani, nimesema ungekufa."

"Nimekusikia. Masikio yangu ni mazima. Ungeiweka."

Akapuliza maganda yakaruka, akanisukumia ungo, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimenya njugu zote zilizobaki, na sikutia hata moja mdomoni.